Namba Moja kwa Watu Thelathini na Wanane

Karani wa shule ile aliitwa Bi Muhuri, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi ya mshahara tu. Muhuri wa shule aliufungia ndani ya kopo la biskuti, kopo ndani ya droo, droo kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mkuu wa shule mwenyewe akitaka muhuri alikuja kuuomba kama watoto wengine, na kabla ya kupewa aliulizwa wa nini.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kinapakana na choo cha walimu. Mlikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na mashine ya kopi yenye tabia ya kutafuna kila karatasi ya tatu. Wageni waliilalamikia. Wenyeji walijua: ya tatu unaweka gazeti la zamani, mashine inatafuna haki yake, kazi inaendelea. Dirisha lilikuwa la nondo, na nondo moja ilikuwa imepindwa kidogo ili mkono wenye karatasi upite. Nani aliipinda hakuna aliyesema, lakini ilipindwa kutokea ndani.

Hakuajiriwa kujaza fomu za chuo. Yeye kazi yake ilikuwa kupiga chapa barua, kupanga mafaili na kuandika mwalimu gani kachelewa. Hayo ya fomu yalimwingilia kama mvua inavyoingia kwenye bati bovu. Mwaka mmoja binti wa kidato cha mwisho alikuja dirishani analia, fomu yake ya mkopo wa serikali imerudishwa. Bi Muhuri akamwambia afute makamasi kwanza yasije yakaharibu karatasi, kisha akamjazia. Mwaka wa pili walikuja wanne. Mwaka wa kumi na nane, huu ninaousimulia, walikuwa thelathini na wanane, na foleni ilifika kwenye bomba la maji.

Maneno ya kumtia mtu moyo hakuwa nayo, na asiyekuwa nacho hatoi.

"Udaktari," alisoma kwenye karatasi ya kijana mmoja. "Na kemia umepata hii. Utamtibu nani, kuku?"

"Mama ndiye anataka, Bi Muhuri."

"Mama yako ndiye atakwenda darasani? Soma hapa. Maabara, miaka mitatu, chuo hiki na hiki wanakuchukua na alama zako hizo hizo. Na kuna mkopo. Rudi nyumbani ukamwambie utavaa koti jeupe, hatajua tofauti."

Kijana alikwenda, alivaa koti jeupe, na mama yake mpaka leo anamwita daktari. Ndivyo alivyofanya kazi. Anakutukana, halafu anakupeleka chuo. Waliotaka kubembelezwa walikwenda kwa mwalimu wa ushauri, wakabembelezwa, wakabaki nyumbani.

Katika wale thelathini na wanane alikuwemo binti wa mfagizi wa shule. Watoto wenzake walimwita Kimya, na mama yake naye ikabidi awe Mama Kimya. Alikuwa na alama za kwanza darasani na maneno ya mwisho. Ukimuuliza swali alilipima kwanza, kama mtu anayenunua nyama kwa muuzaji asiyemwamini.

Baba yake alitoka kwenda kununua betri za redio, na huu ulikuwa mwaka wa tisa hajarudi.

"Baba yako yu hai?" Bi Muhuri alimuuliza, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Sijui."

"Fomu haina sijui. Ina hai na ina marehemu."

"Basi hai."

"Akiwa hai wanataka kitambulisho chake."

Kimya akapima. "Basi marehemu."

"Akiwa marehemu wanataka cheti cha kifo."

Mama Kimya alikuwa anafagia hapo hapo koridoni, na fagio lilikuwa limesimama muda mrefu. "Mwandike marehemu tu, dada. Mimi nilishamzika moyoni."

"Moyoni hakutolewi cheti, Mama Kimya. Huyu mwanamume hakuwa na adabu ya kurudi wala ya kufa."

Ikabidi iende barua ofisi ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa akaandika kuwa mtajwa hapo juu hajulikani aliko na hana msaada wowote kwa familia. Bi Muhuri aliisoma mara mbili, akasema hilo ndilo neno la kweli la kwanza kuandikwa juu ya mtu yule, akalipiga muhuri.

Sasa, mwisho wa fomu pana nafasi ya namba ya simu. Na hapo ndipo Bi Muhuri alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa makusudi, mwaka baada ya mwaka. Aliandika namba yake mwenyewe. Kwa kila mtoto. Hakuuliza.

Sababu alikuwa nayo, ila hakuwa mtu wa kuisimulia. Na yeye aliwahi kuomba chuo, alipokuwa na kiuno na nywele nyeusi. Alichaguliwa. Barua ilikuja kwenye sanduku la posta la mjomba wake, maana nyumba nzima ilikuwa na sanduku moja na ni la mjomba. Ikakaa huko miezi mitatu. Mjomba hakuificha. Alikuwa anangoja apate safari nyingine ya kumleta upande wa kwao, asije akatumia nauli kwa barua peke yake. Alipoileta, chuo kilikuwa kimeshafungua na kitanda chake kinalaliwa na mwingine. Mjomba akasema, pole mwanangu, ila mbona hata bahasha haijachanika. Alipokufa mjomba, Bi Muhuri alikwenda msibani, akala, akaosha sahani yake, akarudi. Kulia walilia wengine.

Kwa hiyo aliapa hakuna ujumbe wa mtoto utakaopita mikononi mwa mjomba, baba, shangazi wala jirani. Ulikuja kwake, kwenye kisimu cha vitufe kilichofungwa kwa raba ili betri isidondoke. Ukija saa nne, saa nne na robo ameshamtafuta mwenyewe. Miaka yote ile hakupoteza hata mmoja.

Mwaka huo ofisi ya mikopo ikaleta mtambo mpya wa kukagua maombi.

Jumanne asubuhi simu ililia mezani. Ikalia tena. Ililia mara thelathini na nane, na kila ikilia inatetemeka na kusogea, mpaka ikafika ukingoni mwa meza akaidaka. Ujumbe ulikuwa ule ule: namba hii imetumika na waombaji thelathini na wanane, maombi yote yamesimamishwa kwa uchunguzi, mwisho wa kurekebisha ni Ijumaa saa tisa alasiri. Asiyerekebisha aombe tena mwaka ujao.

Bi Muhuri alisoma wa kwanza na wa mwisho, akafunika kompyuta, akaomba ruhusa ya siku moja. Mkuu alimuuliza ya nini. Akasema, "Ya kwenda kutukanana."

Jumatano alikuwa mbele ya meza ya afisa mikopo. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa, meza haina hata karatasi moja, na hilo peke yake lilimtia Bi Muhuri wasiwasi. Alimtazama vizuri akitumaini ni mwanafunzi wake wa zamani. Hakuwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyewafunga watoto wangu?"

"Watoto wako thelathini na wanane?"

"Wa shule."

"Mtambo unasema ni mtu mmoja anaomba mara thelathini na nane."

"Mtambo umeniona? Nimebakiza mwaka kustaafu. Chuo mara thelathini na nane nikasomee nini, ndoa?"

Afisa hakucheka. Aligeuza kioo cha kompyuta ili amwonyeshe, jambo la heshima, na Bi Muhuri hakupenda, kwa sababu alikuja kwa ugomvi na alinyimwa. Kijana akaeleza polepole. Kuna madalali wa fomu. Wanawajazia watoto, wanaweka namba zao, mkopo ukitoka wanajua wao. Mwaka uliopita kuna watoto walipata mkopo wote na wakakaa nyumbani wakiamini wamekosa.

"Mimi sijawahi kula hata senti ya mtoto."

"Najua, mama. Nimekuangalia kwenye kumbukumbu za miaka mitano. Kila mmoja alifika chuo. Ningekuwa nawaza vibaya ungekuwa umekaa na polisi, si na mimi."

"Basi wafungulie."

"Siwezi. Namba moja, mtu mmoja. Kila mwombaji aweke ya kwake au ya mzazi au mlezi, na mwenye laini awepo na kitambulisho. Wewe nimekuona kwenye fomu za baadhi yao, ni mdhamini. Basi namba yako inaweza kubaki kwa mmoja unayemdhamini. Mmoja tu."

"Kijana wangu, ujue unawarudisha kwa watu wasiosoma ujumbe."

"Labda." Akafikiri kidogo. "Lakini na wewe mama, usikasirike. Anayekaa na ujumbe wa mwenzake ni yule yule. Leo una afya. Kesho unaugua wiki mbili, simu iko chini ya mto. Mtoto amekosa nafasi. Hukula kitu. Lakini amekosa."

Bi Muhuri akafunga mkoba, akaondoka bila kuaga, na njia nzima alimwona mjomba wake, na bahasha mkononi isiyochanika. Naye hakula kitu. Hakumsamehe kwa hilo. Alimchukia zaidi, kwa sababu sasa alimwelewa.

Alhamisi, wanafunzi wamepanga mstari asubuhi, Bi Muhuri alisimama mbele na daftari lake. Hajawahi kusimama pale. Walimu walidhani anaacha kazi, na wawili walianza kuchangamka uso. Alikuwa ameandika kila mhitimu anakaa wapi na anafanya nini tangu amalize: huyu yuko kwenye duka la viatu, huyu kwa bibi yake nyuma ya ghala, huyu analala. Akawagawia wanafunzi wadogo vikaratasi kufuatana na mitaa yao.

"Ukifika nyumba hiyo, mwambie Bi Muhuri anasema kesho kabla ya saa tisa, na simu, na kitambulisho, na mwenye simu. Usipomkuta, kaa mlangoni. Ukirudi na kikaratasi changu mkononi, na wewe utaomba chuo siku moja, na mimi nitakuwa hai."

Ijumaa korido ilijaa. Walikuja akina mama na simu zimefungwa kwenye leso. Alikuja bibi mmoja na simu, na chaja, na mtu wa kumsomea. Namba za siri zilitumwa, watu wakazisoma kwa sauti, wengine wakazisoma za jirani. Kila mmoja aliyemaliza, Bi Muhuri alimkata kwenye daftari kwa rula. Na kila aliyekatwa aliambiwa maneno yale yale: "Kuanzia sasa ujumbe ni wako. Ukiusahau, usije hapa kulia."

Saa tano Mkuu wa shule aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Kijana wake naye alikuwa miongoni mwa wale thelathini na wanane.

"Bi Muhuri, nasikia kuna namba moja inabaki."

"Umesikia vizuri."

"Huyu wangu, unamjua. Anapoteza simu."

"Amepoteza ngapi?"

"Tatu."

"Mpe ya nne."

Mkuu akashusha sauti. "Ukumbuke likizo yako naisaini mimi."

"Na muhuri wake naupiga mimi. Kuna lingine, Mkuu? Watu wamesimama."

Hakukuwa na lingine.

Wengi walijua ile namba moja inayobaki itakwenda kwa nani: kwa Kimya. Nyumbani kwa Kimya kulikuwa na simu moja, nayo ni ya baba mdogo, ndugu wa yule wa betri. Kitambulisho cha Mama Kimya kilipotea, kipya hakijatoka, na Kimya mwenyewe alishapigwa picha ya kitambulisho lakini kadi iko huko inakoiva. Kwa hiyo ilikuwa ama simu ya baba mdogo, ama ya Bi Muhuri.

Saa saba baba mdogo akaja mwenyewe. Alikuwa muuza misumari na rangi, mkono wa birika, na simu aliivaa kiunoni kwenye mfuko wa ngozi kama bastola. Kimya alikuwa nyuma yake, na mama mtu nyuma kabisa na fagio.

"Nimesikia mnataka namba ya mlezi," alisema. "Hii hapa. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba, ujumbe utakuja kwangu."

"Ujumbe ukija unausoma lini?"

"Nikipata nafasi."

"Nafasi unaipata lini?"

"Jumapili. Wiki nzima niko dukani, shemeji. Watu wanataka misumari."

"Mimi si shemeji yako. Matokeo ya huyu binti yalikuja kwenye simu yako?"

"Yalikuja."

"Ukamwambia baada ya siku ngapi?"

Baba mdogo akafikiri kwa haki kabisa. "Kama kumi na mbili. Nilikuwa sitoki. Na matokeo hayakimbii."

Hakuwa mtu mbaya. Bi Muhuri alimtazama na kuona hilo, na akaona mfuko wa ngozi, na akaona sanduku la posta. Kalamu ilikuwa mkononi. Angeandika neno moja tu, *ibaki*, na ile namba ingekuwa ya Kimya kwenye mtambo na ya kwake mfukoni, kama kawaida, na saa nne na robo angemtafuta. Isipokuwa chuo kilikuwa mbali, safari ya siku nzima, na namba za siri za mkopo huja kila muhula. Na kulikuwa na yale maneno ya simu chini ya mto.

"Wewe," akamwambia binti. "Unataka namba ya nani?"

Kimya akapima. Akapima mpaka mashine ya kopi ikatafuna karatasi ya mtu na mtu akaguna.

"Nataka yangu," akasema.

"Huna kitambulisho."

"Najua. Lakini umeniuliza."

Mama Kimya akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Alikuwa hajawahi kumsikia mtoto wake akimjibu mtu hivyo.

Bi Muhuri akaivua raba, akatazama betri imekaa, akairudisha raba. Kisha akaipitisha simu kwenye nondo iliyopinda. Simu nzima, na laini ndani, na chaja yake iliyofungwa kwa uzi.

"Imeandikwa kwa jina langu, mimi ni mdhamini wako, kwa hiyo mtambo hauna la kusema. Ukipata kadi yako utaigeuza iwe kwa jina lako. Inachaji ukiinamisha waya hivi. Ujumbe ukija, wewe ndiye wa kwanza kuusoma, na mimi ni wa mwisho kusikia. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Na wewe utatumia nini?" baba mdogo akauliza. Jambo la kutoa simu nzima lilimchoma rohoni ingawa si yake.

"Nitanunua simu nyingine na laini. Nina miaka hamsini na tisa, hakuna mtu mpya atakayenitafuta."

Saa tisa kamili mtambo ulifunga. Kwenye daftari kulikuwa na mistari thelathini na saba iliyokatwa kwa rula, pamoja na wa Kimya. Mmoja ulibaki. Kijana wa Mkuu alifika saa tisa na dakika ishirini na simu ya nne, mpya, akiulizia mahali pa kuchaji. Bi Muhuri akamwonyesha soketi. Kumpa pole hakumpa, na mwaka uliofuata alipanga foleni kwenye bomba kama wenzake.

Kimya alipata mkopo na akapata chuo, cha kupima ardhi, kazi ya watu wanaoangalia sana na kusema kidogo. Ujumbe ulikuja Jumatatu saa mbili asubuhi. Aliusoma mwenyewe, akatembea mpaka shuleni, akasimama dirishani. "Umekuja," akasema. Bi Muhuri akasema, "Basi kapange nguo."

Kilichosahaulika ni kitu kimoja. Ile namba, watoto wa miaka yote ile kumi na minane walikuwa nayo. Kimya hajatimiza wiki chuoni simu ikaanza. Bi Muhuri, nimesahau neno la siri. Bi Muhuri, wanataka cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu na kimeliwa na panya. Bi Muhuri, chuo kimenibadilishia kozi bila kuniambia. Siku za kwanza Kimya alikuwa anapokea na kunyamaza, mpaka mpigaji anakata mwenyewe. Halafu mama yake akaanza kuleta habari koridoni, akiegemea fagio.

"Sasa anawajibu, dada. Jana nilipiga kwa simu ya shemeji nikaambiwa ningoje, yuko na mtu wa barua ya mtaa. Mimi, mama yake, ningoje."

"Ukangoja?"

"Nikangoja."

Jioni hiyo, kabla ya kufunga ofisi, Bi Muhuri alitoa simu yake mpya, ambayo haikuwa imelia tangu ainunue, akapiga namba yake ya zamani kwa kichwa.

"Ndiyo," ikajibu sauti, kavu. "Nani mwenzangu?"

"Mimi."

"Mimi wapo wengi. Fomu ya chuo au ya mkopo? Na futa makamasi kwanza, sikusikii."

Bi Muhuri aliweka simu mezani, akafunga kopo ndani ya droo, droo kwa kufuli, akafunika kompyuta. Alipotoka mwanga wa simu bado ulikuwa unawaka, na sauti ndani yake inauliza kama baba yu hai au marehemu, maana fomu haina sijui.